Mwaka wa pili BD: chuo kinadai, mtaa unadai. Mnagawaje wiki?

Mwanatheolojia_Mwaka2

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nipo mwaka wa pili wa shahada ya theolojia (BD), Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), huku Kaskazini. Muhula huu kozi ni sita: Kiyunani cha pili, ufafanuzi wa Agano Jipya, historia ya kanisa, dogmatiki (mafundisho ya imani), homiletiki (somo la kuhubiri) na malezi ya kichungaji. Upande wa huduma nimepangiwa mtaa mmoja, yaani tawi la usharika, wenye ibada kila Jumapili. Nahubiri mara mbili kwa mwezi na Jumapili nyingine naongoza liturgia; Jumamosi kipaimara, Jumatano jioni vijana, na jumuiya ikipiga simu naenda. Hapo misiba sijaitaja. Akina mama wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, nao wanataka niwe mweka hazina wao, eti mtumishi hawezi kula hela.

Naomba ushauri wa vitendo, si wa "omba tu utatiwa nguvu". Huduma saa ngapi kwa wiki ni kiasi? Mahubiri yasile siku mbili nzima, inawezekana? Na mchungaji kiongozi nimwambieje kwamba imezidi, bila kuonekana mvivu aliyekimbilia chuo ili akwepe kazi?

Mwalimu_Kiyunani

Amina. Tuanze na hesabu, maana wengi huanza na lawama.

Kwa utaratibu wa vyuo vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, za darasani na za nje ya darasa zikihesabiwa pamoja. Mwaka una krediti 120, kwa hiyo muhula ni 60, yaani saa 600. Zigawe kwa wiki 17, mitihani ikiwemo, unapata saa 35 na kidogo kwa wiki. Hiyo ni kazi kamili ya ajira, na bado hujavaa kanzu.

Sasa hesabu ya mtaa. Jumapili ukitoka saa 1 asubuhi na kurudi saa 9 alasiri ni saa 8. Kipaimara pamoja na njia, saa 5. Vijana saa 3. Maandalizi ya mahubiri kwa mtu wa mwaka wa pili ni saa 8 akifanya kwa uaminifu. Jumla 24. Ukijumlisha na 35 zinakuwa 59, kabla mtu hajafariki mtaani. Hapo tatizo si uvivu wako, ni kwamba waliokupangia hawakukaa meza moja.

Kiasi kinachobebeka muhula wa kawaida ni saa 15 hadi 17 za huduma, maandalizi yakiwa ndani yake. Kwa vitendo maana yake ni Jumapili pamoja na kazi MOJA ya katikati ya wiki. Kipaimara au vijana, chagua. Mimi ningechagua kipaimara, kwa kuwa kina mtaala na kinakulazimisha ueleze Katekisimu Ndogo ya Luther kwa lugha ya mtoto wa miaka 14. Nusu ya dogmatiki yako utaifanyia marudio hapohapo.

Kinachoharibika kwanza ni lugha. Historia ya kanisa unaweza kuisoma Ijumaa saa nne mfululizo ukafaulu. Kiyunani hakikubali hivyo. Ukiacha vitenzi kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu kwa sababu ya huduma, Jumanne unaanza upya. Weka dakika 40 kila asubuhi kabla ya vipindi, siku tano, na usiziguse kwa jambo lolote. Katika Agano Jipya maneno kama 310 hivi yanajitokeza mara 50 au zaidi, na hayo peke yake yanabeba takribani asilimia 80 ya maneno yote unayoyasoma. Jifunze maneno matano kwa siku, ishirini na matano kwa wiki, utayamaliza kwa wiki 13. Kata karatasi ya manila vipande vya saizi ya karata, Kiyunani mbele, Kiswahili nyuma. Neno jipya lirudie kesho yake, kisha siku ya tatu, ya saba na ya kumi na sita. Kadi ishirini za marudio zinatosha safari moja ya daladala. Maneno mapya usijifunzie humo, utaambulia makelele ya konda.

Mchungaji_wa_Zamu

Mwalimu, hesabu ni nzuri ila inadhani wiki zote zinafanana. Huku chini hazifanani. Vyuo vingi vinafunga muhula wa kwanza kati ya Februari na Machi, na Kwaresma inaangukia palepale. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari na Pasaka ni 28 Machi. Kila usharika unaongeza ibada za katikati ya wiki, na wa kwanza kukumbukwa kwenye zamu ni mwanafunzi, "kwa kuwa yupo karibu". Kwa hiyo, kijana, usiombe saa 15 kila wiki. Omba saa zihesabiwe kwa muhula: kama ni wiki 15 kwa saa 16, hizo ni 240. Wiki ya sikukuu unatoa 25, wiki ya mitihani unatoa sifuri. Mchungaji kiongozi mwenye busara ataelewa lugha hiyo kuliko "nimechoka".

Kuhusu kumwambia. Usimvizie mlangoni baada ya ibada ya pili, akiwa na njaa na wazee watatu wanamsubiri. Omba nafasi ofisini, Jumanne au Jumatano. Nenda na karatasi moja yenye ratiba yako ya chuo upande mmoja na kazi za mtaa upande wa pili, zikiwa na saa zake. Usiseme "siwezi". Sema: "Baba mchungaji, nimeleta kazi nilizonazo. Ninaomba unisaidie kuchagua zipi ni za muhula huu na zipi apewe mwingine." Unamwachia uamuzi ambao ni wake kweli, na karatasi inasema kilichobaki.

Mkishakubaliana, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha, ila usikose mambo haya: kazi ulizopewa kwa majina, siku na saa, wiki ambazo hauna huduma, yaani ya majaribio ya kati na zile mbili za mitihani ya mwisho, nani analipa nauli na inalipwa lini, lini unakaa na msimamizi, angalau nusu saa kila baada ya wiki mbili, na tarehe ya mwisho wa makubaliano. Saini tatu: mchungaji kiongozi, mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa chuo, na wewe. Nakala moja iingie faili la usharika na jambo lenyewe lisomwe kwenye baraza la wazee liingie kwenye muhtasari. Hilo la mwisho ndilo watu huliruka. Makubaliano ya mdomo hufa siku mchungaji anapopata uhamisho. Anayekuja anakuta mtaa umezoea kukuona kila siku, na yeye hana karatasi.

Nauli msiione ndogo. Mwanafunzi anayejilipia nauli mara tatu kwa wiki ataanza kukosa huduma mwezi wa pili, na watasema amepoa kiroho.

Mwanatheolojia_Mwaka2

Asanteni sana, shikamooni. Hilo la muhtasari sikulijua. Misiba je? Ratiba yoyote ikikutana na msiba inavunjika, na kutoonekana msibani ni kosa ambalo halisahauliki.

Mchungaji_wa_Zamu

Marahaba. Msiba una sehemu nyingi, na mwanafunzi hatakiwi kuwepo zote. Kuna kwenda kuhani wafiwa, kuna ibada za nyumbani za jioni, kuna siku ya maziko, kuna kuanua matanga. Chagua jioni moja. Fika, wape pole wafiwa kwanza kabla ya kukaa na wazee, toa neno la dakika kumi hadi kumi na tano juu ya mstari mmoja, omba, ondoka. Maziko ni ya mchungaji au mwinjilisti. Ukiongoza maziko mara moja kwa ajili ya familia yenye uwezo, utaongoza yote, kwa kuwa ya pili yakikosa wewe watasema umechagua watu.

Panga zamu ya watu watatu: mwinjilisti, mzee wa kanisa wa jumuiya husika, na wewe. Simu ya msiba iende kwa mwinjilisti, isije kwako. Ikija kwako, jibu dakika ileile, hata kama uko maktaba: "Poleni sana mama. Mzee wa jumuiya anafika jioni ya leo kuongoza ibada. Mimi nitakuwepo kesho saa 11 jioni baada ya vipindi. Naomba jina kamili la marehemu na la wafiwa niwataje kwenye maombi." Kisha mpigie huyo mzee mpaka apokee, usimwandikie tu. Watu hawachukii kwamba hukuja leo. Wanachukia ukimya.

Weka kwenye daftari neno la faraja tayari kwa hali tatu: mzee aliyeshiba siku, kijana wa ajali, mtoto mchanga. Mstari, mambo mawili ya kusema, sala. La mtoto mchanga liwe fupi kuliko yote.

Na VICOBA kataa. Sanduku lina funguo tatu na watu watatu, na hesabu zinafungwa mwisho wa mzunguko, mara nyingi wakati wewe uko kwenye mitihani. Ikipungua elfu ishirini, kanisa zima litajua ni "yule wa chuo". Waombee kikao, wafundishe somo moja la uwakili, basi. Sadaka nazo usiondoke nazo, usizihesabu peke yako, usitunze bahasha "mpaka kesho". Wazee wawili wanahesabu, wanaandika, wanasaini.

Dada_Parishi

Niongeze yanayosahaulika.

Kwanza, mipaka ya mwanafunzi ambaye hajabarikiwa kuwa mchungaji. Hauendeshi Meza ya Bwana, hata kama mchungaji amekwama njiani na vikombe vimeshapangwa. Badilisha iwe ibada ya neno na utangaze wazi. Ubatizo ni wa dharura tu, mtoto akiwa katika hatari ya kufa: maji, jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, shahidi mmoja akipatikana, kisha siku hiyohiyo unampa mchungaji taarifa aandike kwenye kitabu cha ubatizo. Ndoa usiiguse kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mfungishaji awe na leseni, na nia ya ndoa itangazwe siku 21 kabla. Unaweza kupewa masomo ya wachumba, kufungisha hapana.

Pili, kipaimara. Mwalimu kasema vizuri lakini saa 5 zinakuwa 9 ukijiandalia kila somo upya. Miaka miwili ya mafundisho ina mpangilio. Mwombe mwinjilisti daftari lake la mwaka jana, andaa masomo manne kwa mkupuo Jumamosi moja, uyatumie mwezi mzima. Kila somo: dakika 10 za kukariri, 25 za kufundisha, 15 za maswali yao, na 10 za kuandika. Wakizidi arobaini usikubali kuwa peke yako, wagawe makundi mawili na mzee wa kanisa akae na moja. Daftari la mahudhurio ni lazima. Bila hilo, wiki moja kabla ya ibada ya kipaimara wazazi watakuja na hoja ambazo huna jibu lake.

Tatu, na hapa nakuomba usome mara mbili. Ukifundisha watoto wengi kiasi hicho, ipo siku mmoja atakueleza jambo la kuumizwa, na huenda aliyemuumiza anaimba kwaya. Usimwahidi siri. Usimhoji kama polisi. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa. Mjulishe mchungaji, isipokuwa yeye ndiye anayetajwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa wajibu wa kuripoti kwa serikali ya mtaa au kijiji. Ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wapo, na namba ya msaada kwa watoto ni 116, bure. Kama ni ukatili wa kingono, mtoto afike hospitali mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia VVU baada ya hapo hazisaidii. Asiogeshwe wala kubadilishwa nguo kabla. Kikao cha wazee cha "kuyamaliza kanisani" usikae.

Nne, kwa wanafunzi wa kike. Tazameni karatasi ya makubaliano kabla ya kusaini. Mara nyingi wenzenu wa kiume wameandikiwa mahubiri mawili kwa mwezi, ninyi mmeandikiwa Sunday school, maua ya madhabahu na "kusaidia idara ya wanawake". Hizo zote ni kazi, lakini homiletiki itakuja kuwapima kwa mahubiri. Ombeni idadi ya mahubiri iandikwe kwa tarakimu.

Mwanatheolojia_Mwaka2

Mungu awabariki. Limebaki la mahubiri. Mwalimu anasema saa 8, na kwa hesabu yenu sina saa 8.

Mwalimu_Kiyunani

Unazo, ukiacha kufanya kazi mara mbili. Masomo ya Jumapili za mwaka mzima yapo kwenye kalenda ya kanisa tangu mwanzo. Muhula ukifunguliwa, kabla hata hujanunua daftari, chukua orodha ya Jumapili zako za kuhubiri na orodha ya insha za ufafanuzi, uziweke pamoja. Kwa kawaida mwalimu wa ufafanuzi hukubali uchague kifungu ndani ya kitabu kinachosomwa. Mkisoma Marko muhula huu na kalenda ikikupa Marko Jumapili ya wiki ya sita, hiyo ndiyo insha yako. Mwombe mwalimu wiki ya kwanza. Wiki ya tano atakuona unatafuta njia ya mkato.

Insha inataka: mipaka ya kifungu, tofauti kubwa za nakala za kale, tafsiri yako, muktadha, muundo, ufafanuzi wa aya kwa aya, na hoja kuu. Mahubiri yanachukua hoja kuu na muundo, basi. Hayo mengine yamekuzuia usiseme uongo, kazi yao imekwisha. Kosa la mwaka wa pili ni kubeba insha nzima madhabahuni. Mama aliyeamka saa 10 usiku kukama hakuja kusikia Bultmann, yule msomi wa Agano Jipya, alibishana na nani.

Wiki isiyo na insha, gawa hivi. Jumatatu dakika 60: soma kifungu kwa Kiyunani hata kwa kusuasua, weka alama vitenzi vikuu, andika maswali matatu ambayo msharika angeuliza. Jumanne usifungue kitu, ila ukienda kumtazama mgonjwa mtajie aya moja umsikie. Jumatano dakika 60 na kitabu kimoja cha ufafanuzi. Kimoja! Alhamisi dakika 45: andika sentensi moja inayobeba mahubiri yote. Isipopatikana, hujaelewa kifungu. Rudi, usianze kutafuta visa vya kuchekesha. Ijumaa dakika 60, muhtasari wa karatasi moja ya A4, mbele na nyuma, kwa mahubiri ya dakika 20. Jumamosi jioni dakika 30, sema kwa sauti ukiwa umesimama na saa mkononi. Ikifika dakika 27, kata hoja nzima. Usijaribu kusema haraka. Jumla ni saa 4 na robo.

Utakapoharibu ni Jumatatu. Ukiiacha, yote yanahamia Jumamosi usiku, na Jumamosi usiku kila mtu anafungua mtandao akachukua mahubiri ya mtu wa Marekani. Washarika wanajua. Ghafla mifano yote ina theluji.

Mchungaji_wa_Zamu

Hapo kwenye kitabu kimoja nampinga mwalimu kidogo: kama ni somo gumu, Warumi 9 kwa mfano, viwe viwili vinavyopingana.

Na usisahau kwamba kutembelea wagonjwa ni kozi yako pia, ile ya malezi ya kichungaji. Mkiandika verbatimu darasani, yaani maandishi ya mazungumzo neno kwa neno, tumia ziara za mtaani. Ndani ya saa mbili baada ya ziara kaa chini uandike kwa namba: M1 alichosema mgonjwa, W1 ulichosema wewe, M2, W2, na ukimya pia uandike. Badilisha jina, umri, kijiji na ugonjwa kama unamtambulisha. Kurasa tatu zinatosha. Utakachokiona karibu kila mara ni kwamba mgonjwa aligusa jambo kwenye M4, tuseme hofu ya deni la hospitali, na wewe kwenye W4 ukafungua Zaburi. Hilo ndilo la kupeleka kwa msimamizi katika ile nusu saa. Anayetaka kwenda mbali zaidi aulize mafunzo ya CPE (malezi ya kichungaji kwa vitendo) ya hospitali ya KCMC Moshi, lakini ayaweke likizo, yasigongane na muhula. Ni kazi ya wodini kila siku na kuandika kila jioni.

Dada_Parishi

Swali kabla hujaenda ofisini Jumanne: una mke au mume? Kama unaye, naye aione ile karatasi kabla ya mchungaji. Na acha siku moja tupu. Kwa mtumishi Jumapili si siku ya kupumzika; wengi wanachukua Jumatatu, lakini wewe Jumatatu una vipindi, kwa hiyo iwe Ijumaa kuanzia saa 10 jioni mpaka Jumamosi asubuhi, simu aishike mwinjilisti. Iandikwe humo humo, kipengele cha wiki zisizo na huduma.

Mwanatheolojia_Mwaka2

Ninaye, na mtoto wa miezi saba. Nimeshapanga jedwali: Jumapili 8, kipaimara 5, mahubiri 4 kwa wiki mbili za mwezi, jioni moja ya msiba au mgonjwa 2. Wiki ya mahubiri inafika 19, wiki nyingine 15. Vijana naomba apewe mwenyekiti wao chini ya mzee mmoja. Nimesahau nini?

Mchungaji_wa_Zamu

Kikao chako na msimamizi hukukihesabu, na njia ya kwenda msibani. Ongeza saa moja na nusu. Halafu usipeleke jina la mwenyekiti wa vijana kabla hujaongea naye. Atalisikia kwenye matangazo.